Kuhesabu Saa Vijijini Palestina

Daftari nililoandika nikiwa Palestina limejaa saa. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, lango bado limefungwa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, askari amefika na ufunguo, wakulima kumi na wanane na matrekta mawili walikuwa wakingoja. Saa moja na dakika tano, watoto wako kilimani, gari la jeshi halijaonekana. Kurasa nyingi ni hivyo mpaka mwisho, na nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara, kanisani na kwenye simu na ndugu zangu walioko Kenya, kwa nini mtu asafiri mbali hivyo kwenda kuandika saa.

Nilikwenda vuli ya 2022 kupitia makanisa ya Uswidi, ninakoishi, katika mpango wa kusindikiza watu Palestina na Israeli, unaojulikana kwa kifupi kama EAPPI. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliuanzisha mwaka 2002, baada ya viongozi wa makanisa ya Yerusalemu kuwaomba wenzao wa nje waje wakae na watu na wajionee wenyewe. Makanisa yalikuwa na uzoefu wa kazi ya namna hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalipeleka waangalizi Afrika Kusini, wakati wa machafuko yaliyotangulia uchaguzi wa 1994. Anayejitolea hupata mafunzo, kizibao cha rangi ya kaki chenye picha ya njiwa, na miezi mitatu, ambayo ndiyo muda wa viza ya mgeni wa kawaida. Kazi yenyewe ni kuwapo. Unasimama kwenye vituo vya ukaguzi, kwenye malango ya mashamba, kwenye njia za watoto wa shule, kwenye malisho. Unaangalia na kuandika, na taarifa zako zinakwenda kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya haki za binadamu. Hubishani na askari. Hubebi bango.

Picha zinazotufikia kwenye televisheni ni za bunduki, mawe na moshi, na mambo hayo yapo. Lakini ukikaa kijijini unaona kwamba kinachotafuna maisha ya watu kila kukicha ni muda. Wanangoja lango, wanangoja kibali, wanangoja lori la maji, wanangoja hukumu. Ukaliaji wa kimabavu wa Israeli katika Ukingo wa Magharibi, sehemu ya Palestina nilikokuwa, ulianza Juni 1967, na kwa mwanakijiji wa kawaida maana yake ni kwamba saa zake ziko mikononi mwa mtu mwingine. Mtu wa miaka sitini anasimama juani mbele ya shamba la baba yake mpaka kijana wa miaka kumi na tisa afike na ufunguo. Hilo ndilo nililokwenda kuliandika, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Jayyous ni kijiji karibu na Qalqilya, upande wa kaskazini-magharibi. Israeli ilipoanza kujenga ukuta wake mwaka 2002, pale Jayyous iliweka uzio wenye vitambuzi, mtaro na barabara ya doria, ukapita karibu na nyumba na kuacha sehemu kubwa ya mashamba na visima vya kijiji upande wa pili. Watu wanalala huku. Mizeituni, michungwa na mipera yao iko kule. Baada ya miaka ya kesi uzio ulisogezwa na sehemu ya ardhi ikarudi, ila si yote. Katikati kulikuwa na lango ambalo mwaka ule wa 2022 lilifunguliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, kila mara kwa kitambo kifupi. Ukikosa la asubuhi, siku yako ya kazi imekatika nusu. Ukiumwa tumbo saa nne ukiwa shambani, utaumwa mpaka adhuhuri. Kondoo akizaa usiku, hakuna anayevuka kwenda kumsaidia.

Ukuta wote ulipangwa uwe na urefu wa kilomita zipatazo 710, na kama asilimia 85 ya njia yake iko ndani ya Ukingo wa Magharibi, mbali na mstari wa mpaka wa kabla ya vita vya 1967. Serikali ya Israeli inasema uliwekwa kuzuia washambuliaji wa kujitoa mhanga, na ni kweli ulianza kujengwa wakati mabomu kwenye mabasi na mikahawa yalikuwa yakiua Waisraeli wengi. Mama Mwisraeli aliyempoteza mwanawe kwenye basi anastahili kusikilizwa, na sisi tulipelekwa kuwasikiliza Waisraeli pia. Nimewasikiliza, na bado sijaelewa kwa nini usalama wa basi la Tel Aviv uhitaji uzio kati ya mkulima wa Jayyous na mipera yake. Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba kuujenga ndani ya ardhi inayokaliwa ni kinyume cha sheria ya kimataifa.

Kupita langoni kunataka kibali, na kibali kina tarehe ya kwisha. Lazima uthibitishe uhusiano wako na shamba. Ardhi ya babu ikigawanywa kwa warithi, kila mmoja anabaki na kipande kidogo, na utawala wa kijeshi unaweza kumwambia mwenye kipande kidogo kwamba hana haja ya kilimo inayostahili kibali. Mara nyingi mzee anapewa, wanawe wenye nguvu za kulima wananyimwa. Mzee mmoja alinionyesha vibali vyake vya miaka iliyopita, amevifunga pamoja kwa uzi, hataki kutupa hata kimoja. Akaniuliza, “Binti yangu, huko kwenu mkulima anaomba ruhusa kwa nani?”

Nilimjibu kwamba nyanya yangu alijua jibu la swali hilo.

Mimi ni mtu wa Murang'a. Nilizaliwa miaka mingi baada ya Hali ya Hatari, lakini nimelelewa na masimulizi yake. Nyanya alikuwa msichana Waingereza walipowatoa watu kwenye maboma yao na kuwasukuma kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya Kati waliishi hivyo katikati ya miaka ya 1950. Lango lilifunguliwa kwa saa iliyopangwa, wanawake wakaenda shambani chini ya ulinzi, na aliyechelewa kurudi alionja kiboko. Kabla ya hapo kulikuwa na kipande, kile kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyanya alipokuwa akisimulia, jambo alilorudia kuliko njaa na kuliko viboko lilikuwa saa: kwamba walikimbia na mizigo ya viazi vichwani wakichunga jua.

Wapo watakaosema nalinganisha yasiyolingana. Mahali pamoja hapalingani na pengine kwa kila kitu, nakubali. Lakini uhusiano huu uko kwenye maandishi ya sheria. Kanuni za Ulinzi za Dharura ambazo Waingereza walizitunga Palestina mwaka 1945 bado zinatumika Ukingo wa Magharibi. Jeshi la Israeli linazitumia, kwa mfano, kubomoa nyumba za familia za Wapalestina wanaotuhumiwa kufanya mashambulizi. Serikali ya London iliyotunga kanuni hizo ndiyo iliyotangaza Hali ya Hatari kwetu miaka saba baadaye. Mkenya anayesimama kwenye lango la Jayyous hahitaji mkalimani ili ajue anatazama nini.

Muda wangu mwingi niliutumia kusini, kwenye vilima vya Hebron, eneo linaloitwa Masafer Yatta. Ni ukingoni mwa jangwa. Vijiji ni vidogo, familia chache chache, kondoo na mbuzi, shayiri kidogo, na mapango ambayo watu wameishi humo kwa vizazi na ambayo sasa ndiyo kimbilio nyumba zikibomolewa. Eneo hili liko katika Kanda C. Mkataba wa Oslo wa 1995, kati ya Israeli na Wapalestina, uliigawa ardhi katika kanda A, B na C, na C, ambayo ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, ikabaki chini ya udhibiti kamili wa Israeli, kuanzia usalama hadi ruhusa ya kujenga choo. Ulikuwa mpango wa mpito, uliotakiwa kwisha mwaka 1999. Mpalestina akiomba kibali cha kujenga katika Kanda C, jibu ni hapana karibu kila mara. Kwa hiyo anajenga bila kibali kwa sababu mwanawe ameoa, kisha anangoja tingatinga. Huenda likaja baada ya wiki, huenda baada ya miaka minane. Amri ya kubomoa iko pale, imewekwa chini ya jiwe mlangoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi lilitangaza sehemu kubwa ya Masafer Yatta, kama kilomita za mraba 30, kuwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi, likaupa namba 918. Mwaka 1999 wakazi wapatao 700 waliondolewa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Israeli ilitoa amri ya muda iliyowaruhusu kurudi wakati kesi ikiendelea. Kesi iliendelea kwa miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa amri alikuwa mtu mzima hukumu ilipotoka, tarehe 4 Mei 2022: mahakama iliwakatalia wanakijiji, ikasema hawakuthibitisha kwamba walikuwa wakazi wa kudumu kabla ya eneo kutangazwa uwanja wa mazoezi. Wafugaji waliofuata majani na maji kwa misimu, wakirudi kwenye mapango yaleyale mwaka hadi mwaka, waliambiwa kwamba huko si kuishi. Mmasai, Mrendille au Mbarabaig wa Hanang anaijua hoja hiyo, ameshaisikia ikisemwa juu ya malisho yake.

Nilifika hukumu ikiwa na miezi michache. Vizuizi vya barabarani vilikuwa vimeongezeka. Magari ya walimu yalisimamishwa, na mwalimu akichelewa saa mbili, watoto wanacheza uani saa mbili. Tarehe 23 Novemba tingatinga zilibomoa shule ndogo ya msingi ya Isfey al-Fauqa. Watu wazima walisimama kuitazama. Kesho yake walitafuta hema.

Maji nayo yana saa zake. Mabomba ya Mekorot, kampuni ya maji ya Israeli, yanapita kwenda kwenye makaazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia kwenye ardhi hii inayokaliwa, lakini vijiji hivi haviunganishwi. Watu wanategemea mabirika yanayokusanya mvua, na yakikauka wananunua maji ya lori, ambayo bei yake inapanda kadiri barabara inavyokuwa mbaya na vizuizi vinavyokuwa vingi. Shirika la Kiisraeli la B'Tselem lilieleza katika ripoti ya 2023 kwamba Mpalestina wa jamii isiyounganishwa na mtandao wa maji anatumia wastani wa lita 26 kwa siku. Mwisraeli anatumia lita 247. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau 100. Mama aliyekuwa akitukaribisha chai alikuwa anaosha vikombe kwa maji ya kujaza kiganja, na maji yaleyale yakaenda kwenye mche wa nyanya.

Nieleze habari ya watoto wa Tuba, maana ndiyo niliyoiandika kwa bidii kuliko zote. Kutoka kijiji cha Tuba hadi shule ya At-Tuwani ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu. Katikati ya njia kuna makaazi ya walowezi ya Ma'on na kituo chake cha Havat Ma'on. Walowezi waliwashambulia watoto njiani, na mwaka 2004 wakawajeruhi vibaya Wamarekani wawili waliojitolea kuwasindikiza. Kamati ya Bunge la Israeli iliingilia kati, na tangu mwaka huo jeshi ndilo lililokuwa likisindikiza. Soma tena taratibu: askari wa Israeli walikuwa wakiwalinda watoto wa Kipalestina waliokwenda shule dhidi ya raia wa Israeli, na utaratibu huu ulidumu kiasi kwamba waliosindikizwa wa kwanza sasa ni wazazi.

Waitaliano wa Operazione Colomba, wanaoishi At-Tuwani tangu 2004, wanaweka kumbukumbu za safari hizo. Sisi tulisaidia. Unasimama mbali, unaandika gari limefika saa ngapi, askari wameshuka kutembea na watoto au wamebaki ndani, watoto wametembea au wamekimbia. Gari lisipofika, watoto wangoje na kukosa somo la kwanza, au wazunguke vilima kwa zaidi ya saa nzima. Kulikuwa na msichana wa darasa la pili aliyetandaza kitabu cha hesabu juu ya jiwe kila tulipokuwa tunangoja, akamaliza kazi ya nyumbani pale. Tukipiga simu kwa jeshi kuuliza gari liko wapi, sauti ya upande wa pili ilikuwa ya adabu na haikujua lolote. Tukapiga tena. Siku nyingine gari lilikuja baada ya simu ya tatu, na sina namna ya kuthibitisha kwamba ni kwa sababu yetu. Naamini kwamba ni kwa sababu yetu.

Oktoba na Novemba ni miezi ya zeituni, na hapo kazi ya kuangalia inageuka kuwa kazi ya mikono. Kuna sababu inayowatoa wazee wa miaka themanini na ngazi zao hata pale ambapo kwenda shambani ni hatari. Sheria ya Ardhi ya dola ya Uthmaniya ya mwaka 1858, ambayo Israeli bado inaitumia Ukingo wa Magharibi, inaruhusu ardhi ya aina fulani iliyokaa miaka mitatu bila kulimwa ihesabiwe kuwa ya dola. Ardhi nyingi iliyotangazwa hivyo imeishia kwa walowezi. Basi fikiria mwenendo wenyewe: mkulima anatishwa mwaka wa kwanza, ananyimwa kibali wa pili, barabara inafungwa wa tatu, kisha anakuja afisa na picha ya angani kumwonyesha kwamba shamba lake limetelekezwa. Anayechuma zeituni pale analinda hati ya ardhi kwa vidole vyake.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba jeshi lina wajibu wa kuwawezesha wakulima kufika kwenye mashamba yao na kuwalinda wakiwa huko. Utekelezaji umekuwa kugawa siku. Mwenye miti karibu na makaazi ya walowezi hupewa siku chache, askari wawepo, na zikiisha zimeisha. Mwaka wa mavuno mengi, siku hizo hazitoshi kwa familia moja. Hapo mgeni yeyote mwenye mikono miwili anakaribishwa. Tulitandika turubai chini ya mti, tukapitisha vidole na reki ndogo kwenye matawi, zeituni zikadondoka kama mvua ya mawe. Bibi mwenye shamba hakuruhusu fimbo. Tawi changa la mwaka huu ndilo litakalozaa mwakani, alisema, na anayelivunja anamwibia mjukuu. Mchana tulikula mkate, zaatari, jibini na mafuta ya mwaka jana, mezani pakiwa ni mwamba. Watu walicheka sana. Wanaoandika juu ya Palestina mara chache wanataja kicheko, na mimi nilikikuta kila mahali palipokuwa na mti wa kuvunwa.

Shamba lilelile lilikuwa na Waisraeli. Marabi kwa ajili ya Haki za Binadamu, shirika lililoanzishwa mwaka 1988, hupeleka watu kuvuna kila msimu. Kuna Ta'ayush, waliojipanga mwaka 2000, Waisraeli na Wapalestina pamoja, ambao wamekuwa wakija vilima vya kusini kila wiki. Kuna wanawake wa Machsom Watch, wengi wao ni nyanya wenye wajukuu, ambao tangu 2001 wamesimama kwenye vituo vya ukaguzi alfajiri wakiandika kama tulivyoandika sisi. Nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Mimi miezi mitatu ilipokwisha nilipanda ndege. Wao wanarudi jioni kwa majirani wanaowaita wasaliti, na kesho yake wanakuja tena.

Je, inasaidia? Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua ni wa Yanoun, kijiji kidogo kusini-mashariki mwa Nablus. Oktoba 2002 familia zake zote ziliondoka kwa sababu ya mashambulizi ya walowezi waliokuwa wamewazunguka kutoka upande wa Itamar. Nyumba zikabaki tupu. Wanaharakati wa Kiisraeli na wa kigeni wakaenda kukaa humo, na familia zikaanza kurudi kwa sharti kwamba wageni wasiondoke. EAPPI ilikaa Yanoun miaka mingi baada ya hapo. Watoto walizaliwa na kukua katika kijiji ambacho kingekuwa magofu.

Ndiyo maana waangalizi wenyewe wanaondolewa. Mwaka 1994 mlowezi Baruch Goldstein aliwaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimu mjini Hebron, na kufuatia mauaji hayo kikaundwa kikosi cha kimataifa cha waangalizi wasio na silaha, TIPH. Januari 2019 Waziri Mkuu Netanyahu alikataa kuongeza muda wake. Mwezi huohuo EAPPI nayo iliondoa timu yake Hebron, baada ya bughudha za walowezi kuzidi. Na hata kuingia ni mlango mwembamba: Desemba 2016 Dkt. Isabel Apawo Phiri, Mmalawi aliyekuwa kiongozi wa juu katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, alizuiwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa. Nikiwa Mwafrika kwenye foleni ileile nilimkumbuka. Pasipoti yangu ya Uswidi ilinipitisha, na nilijua vizuri kwamba ile ya Kenya ingeulizwa maswali mengine. Kazi hii yote imejengwa juu ya ukweli usiopendeza kwamba askari anajizuia zaidi akitazamwa na mwenye pasipoti ya Ulaya au Marekani. Tunautumia ukweli huo kwa sababu upo. Wala haukingi kila wakati. Rachel Corrie, Mmarekani wa miaka 23, aliuawa na tingatinga la jeshi la Israeli Rafah, Gaza, Machi 2003. Ayşenur Ezgi Eygi, Mmarekani mwenye asili ya Uturuki, miaka 26, alipigwa risasi na kuuawa na jeshi la Israeli huko Beita, Ukingo wa Magharibi, tarehe 6 Septemba 2024.

Tangu 7 Oktoba 2023, siku Hamas na wenzao walipoua watu wapatao 1,200 Israeli na kuteka wengine 251, macho ya dunia yamekuwa Gaza, na ni haki yawe Gaza, ambako vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Lakini vilima vya Hebron vilibadilika wiki hizohizo. Walowezi waliokuwa wakija kwa kaptula walianza kuja na sare na bunduki za kivita. Zanuta, kijiji cha wafugaji chenye watu wapatao 250, kiliondoka kizima Oktoba ile. Mahakama iliwaruhusu kurudi mwaka 2024, wakarudi wakakuta nyumba na shule vimevunjwa, wakashindwa kukaa. Wapalestina zaidi ya laki moja waliokuwa na vibali vya kufanya kazi Israeli walifungiwa vibali. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kuendelea kuwapo kwa Israeli katika maeneo hayo ni kinyume cha sheria na kukomeshwe haraka iwezekanavyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Julai 2025, Awdah Hathaleen, mwalimu wa Kiingereza wa Umm al-Khair, mtu aliyewapokea wageni wasiohesabika na kuwaeleza kwa subira kijiji chake kilivyo, aliuawa kwa risasi mlowezi mmoja alipofyatua bastola kijijini humo.

Nimeyasimulia haya katika makanisa ya Stockholm, na nilipokwenda likizo niliyasimulia Murang'a, kwa Kikuyu na Kiswahili. Watu wengi walikuwa wameshakwenda hija, au wanaweka akiba ya kwenda. Wamebatizwa tena Yordani, wamepiga picha Bahari ya Galilaya, wamegusa nyota ya fedha Bethlehemu, na basi lao likapita kituo cha ukaguzi dirisha likiwa limefungwa, kwa dakika chache, kwa sababu basi la watalii halingoji. Siwalaumu. Ratiba inapangwa na mwongozaji. Lakini hija hiyo inalipiwa kwa ng'ombe na kahawa ya miaka, na anayeilipia ana haki ya kuomba nusu siku.

Kwa hiyo nasema kwa uwazi kwa kila mchungaji na kila mama wa jumuiya anayepanga safari: kama kilomita tisa kusini-magharibi mwa Bethlehemu, karibu na kijiji cha Nahalin, kuna shamba la familia ya Kikristo ya Nassar. Wageni wanalijua kama Tent of Nations. Babu yao alinunua kilima hicho mwaka 1916 na akaandikisha hati. Mwaka 1991 kilitangazwa ardhi ya dola, na familia imekuwa mahakamani tangu hapo, zaidi ya miaka thelathini. Mei 2014, karibu na mavuno, jeshi liling'oa miti ya matunda kama 1,500. Daoud Nassar na ndugu zake wamepanda upya. Barabara ya gari ilizibwa kwa mawe zamani, kwa hiyo basi litasimama chini na mtapanda kwa miguu. Wazee wapewe muda. Andikeni barua pepe mapema, muulize wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na mnunue mafuta yao. Wanapokea pia watu wa kujitolea kwa wiki au miezi. Mwongozaji wenu akisema haipo kwenye njia, mwombeni awaonyeshe ramani, maana kutoka Kanisa la Kuzaliwa ni mwendo mfupi wa gari, na vikundi kutoka nchi nyingine hufika hapo.